Mti wa Sebuleni

Mke wangu alipoondoka kwenda Tanga kumhudumia binti yetu aliyejifungua mtoto wa kwanza, aliniachia maagizo matatu kwa mpangilio wa umuhimu: mti, mama, mtungi wa gesi. Mama hapo ni mama yangu mzazi, anayeishi nasi Bagamoyo tangu magoti yake yalipoanza kumgomea, na ambaye alisikia mpangilio huo akiwa kwenye kochi lake, hatua chache kutoka mlangoni. Alivuta ushungi mbele kidogo, kama mtu aliyepitiwa na upepo.

"Mti, kopo moja kila Ijumaa," mke wangu alisema, mkoba begani. "Si zaidi. Na usiuhamishe. Haupendi kuhangaishwa. Si kila kitu kiko kama wewe."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, unataka niondoke tu. Baba watoto, nikirudi nikakuta mti wangu umekufa, mimi na wewe tutakuwa na maneno."

Alitabasamu aliposema hivyo, lakini nimeishi naye muda wa kutosha kujua tabasamu lipi ni la mzaha na lipi la onyo. Mti ule aliununua wiki ambayo binti yetu aliolewa, kwenye vitalu vya miche vilivyopangwa kando ya barabara ya kwenda Dar. Ulikuwa unamfika kiunoni, shina moja jembamba na kichwa cha majani marefu kama ya mahindi. Aliuweka kwenye kona ambayo binti alikuwa akisomea, pale pale palipokuwa na meza yake. Hajawahi kusema mti umechukua nafasi ya mtu, na mimi sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba kila Jumamosi alikuwa akiufuta majani kwa kitambaa chenye unyevu, jani baada ya jani, huku akiupa habari za mtaa. Ulikua mpaka ukakaribia dari, na feni ikabidi iwashwe kwa mwendo wa chini tu, isije ikaukata kichwa. Tulitoka jasho miaka yote hiyo kwa heshima ya mti.

Mama hakuwahi kuupenda, au ndivyo nilivyodhani. "Mti ndani ya nyumba," alisema siku ulipoletwa. "Kwani sisi popo?" Mambo yakawa magumu zaidi baada ya ua. Mke wangu alichoshwa na tope la masika lililoingia na kila kiatu, akaita fundi, ua mzima ukatandikwa pevingi, vile vitofali vya saruji vinavyoshikana kama meno. Mrehani na mwasumini vya mama, vilivyokuwa pembeni ya ukuta, viliondoka na tope. Mama alitoka, akasimama kizingitini, akaangalia. "Pazuri," alisema. "Kama kituo cha mafuta." Kisha akarudi ndani na tangu siku hiyo hakutoka uani ila kwa haja.

Kwa hiyo tulibaki watatu: mama kwenye kochi, mti konani, na mimi nikitembea kati yao.

Jani la kwanza la njano niliona asubuhi moja nikiwa napita kwenda kuchemsha chai. Lilikuwa la chini kabisa, na lilipoguswa likatoka lenyewe, kama jino la mtoto. Nililikunja nikalitia mfukoni.

"Unaficha nini?" mama aliuliza.

"Jani."

"Mtu mzima na ndevu zake anaficha jani," alisema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Mimi hujipatia riziki kwa kuandika insha. Watu wanaosoma insha hufikiri anayeziandika ni mtu mtulivu, anayekaa kitako na kulitazama jambo moja mpaka liive. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa. Huandika sentensi, nikainuka, nikafungua friji ambalo nalijua lina nini, nikalifunga, nikarudi, nikaifuta sentensi. Mke wangu anapokuwepo, huniita kutoka jikoni, "Kaa chini," nami hukaa. Hakukuwepo. Matokeo yake kila nilipoinuka nilijikuta mbele ya mti, na kila nilipojikuta mbele ya mti niliona jani jingine limeanza kugeuka, na kila nilipoliona hilo niliona kwamba lazima nifanye kitu. Kitu kilichokuwa karibu siku zote kilikuwa kopo la maji.

Nilisoma kwenye simu kwamba majani ya njano ni dalili ya kiu. Nikaunywesha. Nikasoma kwingine kwamba ni dalili ya maji mengi, lakini aliyeandika hivyo alionekana anaishi mahali penye theluji, nikaona hajui mambo ya huku kwetu. Nikasoma kuhusu mwanga, nikauburuta mti mpaka dirishani. Jua la Bagamoyo likauchoma ncha. Nikauburuta mpaka kwenye korido, ambako mama aligongana nao akienda kutawadha.

"Ukuta umeota?" aliuliza kutoka gizani.

Nikaurudisha sebuleni, upande mwingine. Nikaogopa feni, nikaizima. Tukakaa na joto, mimi na mama na mti, tukitazamana.

Jioni mke wangu alikuwa akipiga simu ya video. Kwanza alinionyesha mjukuu, ambaye daima alikuwa amelala au analia, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya amekumbuka tu sasa hivi, "Na mti wangu?"

"Mzima wa afya."

"Nionyeshe."

Niligundua kwamba upande uliotazama ukuta ulikuwa bado una majani kadhaa ya kijani. Nikawa naingiza mkono na simu kati ya mti na ukuta, nauonyesha kwa nyuma, kwa karibu, haraka.

"Mbona unautikisa?"

"Mtandao huo."

Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye kochi. Hakusema kitu hata mara moja. Kunyamaza kwake kulinikosesha raha kuliko maswali ya mke wangu. Ilianza kuniingia akilini, na naiandika hapa jinsi ilivyokuwa, kwamba mama anafurahi. Mwasumini wake ulikuwa umekufa, sasa mti wa mkwewe unakufa, na yeye amekaa mahali pazuri pa kutazamia.

Kisha nikaanza kuona mambo mengine. Ukingoni mwa chungu kulikuwa na michirizi ya rangi ya manjano iliyokauka, kama ya binzari. Udongo ulikuwa na harufu, si mbaya, tamu kidogo, lakini harufu ambayo udongo hauna haki ya kuwa nayo. Nilipiga picha nikamtumia rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa anafundisha mambo ya kilimo. Alinijibu kwamba michirizi hiyo huenda ni aina ya kuvu, na kwamba harufu tamu ni dalili mbaya sana. Aliongeza neno la kisayansi ambalo nilikwenda nalo huku na huku siku nzima, nikilitamka kwa woga.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu, mama mmoja kutoka Kilimanjaro aliyefundisha shule za huku pwani mpaka akajenga na akakataa kurudi kwao. Alikuja kuazima ungo. Alimwamkia mama, "Shikamoo bi mkubwa," akaitikiwa, kisha akasimama mbele ya mti mikono kiunoni.

"Hivi huu si sale?" alisema. "Kwetu tunaupanda mpakani, ng'ombe wanaupitia, mbuzi wanaukanyaga, haufi. Nyie mmeufanyaje?"

"Unaumwa kuvu, Mwalimu," nikasema, nikalitaja lile neno.

Alichovya kidole kwenye udongo, kikazama. Akakitoa, akakitazama, akakifuta kwenye khanga. "Hapa unaweza kupanda mpunga. Nani anamwagilia?"

"Mimi. Kila Ijumaa."

"Ijumaa ngapi kwa wiki?"

Mama alicheka kwenye kochi, kicheko kifupi kilichokatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba hatakiwi kucheka. Mwalimu akaniambia niache maji kabisa mpaka udongo ukauke, na akaondoka na ungo.

Niliacha. Haikuwa rahisi. Nililificha kopo kabatini, nyuma ya masufuria, ili nikilitaka niaibike kwa kelele. Siku zikapita, mikono haina kazi, insha haiendi, na kila asubuhi nilitia kidole kwenye udongo nikakuta umelowa. Si unyevu wa jana. Umelowa. Majani yaliendelea kuanguka. Mke wangu akapiga simu kusema arobaini ya mtoto imekaribia, na mara tu itakapotimia atapanda basi.

Sikuwa nikimwagilia. Mtu mwingine nyumbani alikuwa mmoja tu.

Siku hiyo nilimuaga mama kwamba nakwenda msikitini kuswali alasiri. Nikatoka getini kwa kishindo, nikarudi kwa kunyata, nikazunguka nyumba, nikasimama nje ya dirisha la sebule kama mwizi wa nyaya. Kwa faida ya wanaonifahamu, niliswali baadaye.

Mama alikaa kidogo. Kisha akashika mkono wa kochi, akainuka kwa ile namna yake ya hatua mbili, kwanza mgongo, halafu magoti. Alikuwa na bakuli jeupe mkononi. Nililijua bakuli lile. Ndilo analoloweshea kombe lake. Mwalimu wa madrasa mmoja, ndugu yetu kwa mbali, humwandikia aya kwa wino wa zafarani kwenye karatasi. Mama huiosha karatasi kwa maji na marashi ya mawaridi, akanywa kwa ajili ya magoti. Anakunywa na vidonge vya hospitali pia, maana katika suala la dawa mama hana ubaguzi.

Alitembea polepole mpaka kwenye mti. Akasoma kitu kwa kunong'ona, akapuliza kwenye bakuli. Kisha akamimina lote, taratibu, kuzunguka shina, na tone la mwisho likatiririka ukingoni mwa chungu na kuacha mchirizi wa manjano.

"Kunywa, mwanangu," aliuambia mti. "Kunywa. Mama yako yuko njiani."

Nilikohoa. Sikukusudia.

"Mwizi hakohoi," mama alisema bila kugeuka. "Ingia ndani."

Niliingia. Nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu asubuhi, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Nikamuuliza tu, "Mama, tangu lini?"

Alirudi kukaa kwanza. "Tangu mlipoweka vile vitofali vyenu. Kombe hunywi lote, lazima libaki la chini. Na maji ya kombe hayamwagwi panapokanyagwa. Nilikuwa namwaga kwa mwasumini wangu. Mwasumini mkaung'oa. Nimwage wapi? Chooni? Kwenye sinki la vyombo? Nikatafuta nyumba nzima mahali pasipopita mguu wa mtu, nikaona ni hapo tu." Alionyesha chungu kwa kidevu. "Tone la chini tu. Mti ulilipenda. Si ulikua?"

Ulikua, kweli.

"Na leo? Leo umemimina bakuli zima."

"Leo unaumwa." Alinitazama kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto mzito. "Nilikusikia unavyomdanganya mkeo kwenye simu. Unapitisha mkono nyuma ya mti kama unamkamua mbuzi. Nikasema, mtoto huyu ataaibika, na yule mwenzangu ataumia, ana mti huu tu wa kuzungumza nao. Nikaugawia nusu. Nikaona haupati nafuu, nikaupa lote."

"Na magoti yako?"

"Magoti ni yangu. Yatasubiri."

Niliketi. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi niliketi bila kuinuka. Nilikumbuka kwamba ni kweli, siku hizo alikuwa akiniomba nimletee maji ya kutawadhia sebuleni, naye zamani alikuwa akijiendea mwenyewe. Mimi nilikuwa nahesabu majani.

"Mama," nikasema, "mti hauna kiu. Mti unazama."

Aliliangalia bakuli tupu. "Kombe haliui," alisema mwishoni.

"Kombe haliui. Maji ndiyo yanaua. Yangu na yako."

"Yako mengi zaidi," alisema mama.

Asubuhi yake Mwalimu alikuja na panga. Tuliulaza mti kwenye gazeti tukauchomoa chunguni, nao ukatoka bila ubishi, kama kijiko kwenye uji. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inabambuka maganda. Mwalimu aliinamia, akanusa, akainuka haraka.

"Harufu ya nini hii? Mzizi umeoza halafu unanukia kama bibi harusi."

"Ni dawa," mama alisema kwa heshima zake zote.

Mwalimu alimtazama mama, akanitazama mimi, akaamua kutouliza. Alipapasa shina kutoka chini kwenda juu, akilibonyeza, mpaka akafika palipokuwa pagumu. Akakata hapo, akatupa sehemu iliyooza. Kisha akasogea kwenye ncha na kukata kichwa, kile kishada cha majani machache ya kijani kilichobaki, akakisimamisha kwenye ndoo yenye maji kidogo. Shina la katikati alilichomeka kwenye udongo mpya, mkavu, kwenye chungu kile kile. Lilikuwa fimbo. Sebule yetu sasa ilikuwa na fimbo kwenye chungu.

"Ikitaka itachipua," alisema. "Isipotaka haitachipua. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kumwomba radhi, na hawezi kukataa."

Nilitazama majani yaliyokuwa sakafuni. Yote yalikuwa ya njano. Sikujua kama radhi ya njano inapokelewa.

Sikumwambia mke wangu. Nilipanga kumwambia kila jioni, na kila jioni mtoto alilia kwa wakati mwafaka. Kisha akapiga simu asubuhi, nyuma yake kelele za basi: amepanda. Nilifagia sebule. Nikafagia tena. Nilisogeza chungu kushoto ili fimbo ionekane imekusudiwa. Mchana akapiga tena, sauti ya usingizi na hasira.

"Nimepitiliza njia panda ya Msata. Nimelala, kondakta hakuniamsha. Niko Lugoba, nasubiri gari la kurudi."

Nilimpa pole kwa moyo wa furaha ambao sijivunii. Nilikuwa nimepewa muda, na niliutumia kutembea. Mama aliniomba nikae mara kadhaa, kisha akaacha.

"Niko Fukayosi," simu ikasema baadaye, na nikajua muda umekwisha.

Aliingia akiwa na vumbi la safari, kikapu cha machungwa ya Muheza mkononi. Alimwamkia mama, akambusu mkono, akageuka kuelekea konani. Alikitua kikapu polepole sana.

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Nimekuulia mti wako, mwanangu."

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Maji."

"Yeye maji, mimi kombe," mama alisema. "Tuligawana."

Akamweleza. Alieleza kama alivyonieleza mimi, tangu tone la chini mpaka bakuli zima, na alipofika kwenye vitofali hakuficha kitu: mwasumini, mrehani, mahali pasipokanyagwa. Mke wangu alisikiliza amesimama. Aliligusa lile shina kwa ncha za vidole, juu palipokatwa, kisha akainama akayatazama majani ya ndooni. Nilikuwa namjua kwa hasira na kwa kicheko, na uso ule haukuwa wa hasira wala kicheko.

"Mama," alisema, "ulikuwa unaupa na lako la magoti?"

"Mti ulikuwa unaumwa."

Mke wangu alitoka uani. Tulimwona kupitia mlangoni akitembea juu ya pevingi zake, kutoka geti mpaka tangi la maji, kutoka tangi mpaka kamba ya nguo, akitazama chini. Alikwenda kila pembe. Alisimama katikati, mikono kiunoni, mtu aliyetafuta kitu nyumbani kwake akakikosa.

"Baba watoto," aliita. "Mtaimbo uko wapi?"

Kitofali cha kwanza kati ya vitofali vilivyoshikana kama meno hakitoki kwa hiari. Nilipiga, nikachokonoa, nikavunja viwili, nikajikwaruza goti, huku mama akinielekeza kutoka kizingitini kwa sauti ya mtu aliyesubiri siku hiyo. "Pale pale ukutani. Si hapo. Kushoto. Mwasumini ulikuwa pale." Chini ya saruji udongo ulikuwa mweusi bado. Mke wangu alipiga magoti, akakipanda kile kichwa cha mti cha ndooni, kwenye kivuli cha ukuta, akakizungushia vipande vya pevingi ili mguu wa mtu usipite.

Alasiri ile alikaa karibu na mama na bakuli jeupe, akamsimamia mpaka akanywa. Mama alilalamika kwamba anafanywa mtoto, akanywa. Kisha wakaenda uani, mmoja amemshika mwenzake kiwiko, na mama akamimina tone la chini.

Kichwa cha uani kimeshika. Fimbo ya sebuleni bado hatujui. Mke wangu ameiacha konani, anaifuta vumbi Jumamosi, anaipa habari za mjukuu, na amepiga marufuku mtu yeyote kuigusa. Juzi niliona upande mmoja wa gome kuna kivimbe kidogo, ambacho kinaweza kuwa jicho la chipukizi na kinaweza kuwa kovu tu. Nilikiangalia kabla ya chai na baada ya chai. Nilikiangalia nikiwa naelekea kwenye friji na nikiwa narudi.

"Usimwage maji," mama alisema kutoka kwenye kochi.

"Simwagi, mama."

"Na hicho ulichoshika nyuma ni nini?"

Nikalirudisha kopo jikoni.